WAHAFIDHINA NI WATU GANI, NA WANATAKA NINI?

Na Mwandishi Wetu

NDUGU msomaji, ukifungua redio jioni kusikiliza habari za dunia, hazipiti siku nyingi kabla hujasikia kwamba wahafidhina wa nchi fulani wameupinga muswada, au wameshinda uchaguzi, au wamekataa katakata kodi isiongezwe. Neno hilo limekwisha kuzoeleka masikioni mwetu, lakini si wengi wawezao kueleza maana yake. Wapo wanaodhani kwamba mhafidhina ni mzee yeyote asiyependa mambo mapya. Wapo wanaodhani kwamba ni jina jingine la tajiri. Na wapo wanaolitumia kama tusi tu, bila kujua wanamtukana nani.

Madhumuni ya makala haya ni kumpa msomaji ufunguo wa neno hilo. Hatukusudii kumwongoa mtu wala kumtia mtu chuki. Tutazitazama nchi mbili, Uingereza na Marekani, kwa kuwa huko ndiko mawazo hayo yalikopata vyama vikubwa vilivyotawala kwa miaka mingi. Na tutaona, kabla hatujamaliza, kwamba maamuzi ya wahafidhina wa huko yamekwisha kubisha hodi katika zahanati zetu, viwanda vyetu na nyumba zetu.

ASILI YA MAWAZO

Mhafidhina ni mtu anayehifadhi. Waswahili wamekwisha kuusema msingi wa fikra yake kwa maneno machache: usiache mbachao kwa msala upitao. Kilichokwisha kujaribiwa na wazazi wetu, hata kama kimechakaa, kina thamani kuliko kipya ambacho hakuna ajuaye mwisho wake.

Aliyeyaandika mawazo hayo kwa nguvu zaidi ni Edmund Burke, mtu aliyezaliwa Dublin mwaka 1729 akawa mbunge huko London. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, wengi katika Uingereza waliyashangilia. Burke alitoa kitabu mwaka 1790 kuyapinga. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria, desturi na vyombo vya nchi ni kazi ya vizazi vingi, na watu walio hai leo wamekabidhiwa tu ili nao wawakabidhi watakaozaliwa. Basi kasoro zirekebishwe hatua kwa hatua. Nchi isibomolewe yote kwa ajili ya nadharia iliyobuniwa juzi.

Ni vema kujua kwamba Burke hakuwa mtu wa kuitikia kila neno la wakubwa. Aliyatetea malalamiko ya makoloni ya Marekani dhidi ya serikali yake mwenyewe, na kwa miaka mingi alimwandama Bungeni Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Bengal, kwa maonevu waliyotendewa watu wa India. Kwa hiyo anayesema kwamba uhafidhina tangu mwanzo ulikuwa kulala usingizi mbele ya dhuluma, hajasoma historia yake vizuri.

Chama cha Tory cha Uingereza kilianza kuitwa Conservative katika miaka ya 1830. Mwaka 1834 Waziri Mkuu Robert Peel aliwaandikia wapiga kura wa jimbo lake la Tamworth waraka uliosema kwamba chama chake kitayakubali mageuzi yenye sababu ya haki, lakini kitavilinda vyombo vya kale. Huko Marekani njia ilikuwa ndefu zaidi. Chama cha Republican kilianzishwa mwaka 1854 kupinga kuenea kwa utumwa, na hakikuwa cha wahafidhina watupu. Kilielekea huko hasa katika karne ya 20: Barry Goldwater alishindwa vibaya katika uchaguzi wa mwaka 1964, lakini mawazo yale yale yalimpa Ronald Reagan ushindi mwaka 1980.

Sasa, katika kila suala tutakalolitaja, msomaji akumbuke swali moja: mambo ya watu akabidhiwe nani? Mhafidhina hujibu: kwanza yakabidhiwe familia, kisha jirani na nyumba ya ibada, kisha wanunuzi na wauzaji sokoni, na serikali iwe ya mwisho. Mengi anayoyasema yanatokana na jibu hilo.

SERIKALI NA KODI

Katika kodi, mhafidhina husema kwamba fedha ni ya aliyeifanyia kazi. Akiachiwa, ataitumia kwa uangalifu kuliko karani asiyeitolea jasho. Tena mwenye mtaji ataanzisha kiwanda na kuajiri watu. Wachumi Friedrich Hayek, katika kitabu chake cha mwaka 1944, na Milton Friedman, katika kitabu cha mwaka 1962, walitoa hoja kwamba serikali inayopanga uchumi wote huishia kuwapangia watu maisha yao.

Reagan aliyatia hayo katika vitendo. Mwaka 1980 kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani kilikuwa asilimia 70; kufika mwaka 1988 kilikuwa asilimia 28. Wanaomsifu hutaja jinsi uchumi ulivyokua na mfumuko wa bei ulivyoshuka. Wanaompinga hutaja kwamba deni la taifa liliongezeka karibu mara tatu katika miaka yake minane, na kwamba nafuu kubwa iliwaangukia waliokuwa nacho tayari. Mambo yote mawili yalitokea, na mabishano juu yake yangali yanaendelea.

KAZI NA VYAMA VYA WAFANYAKAZI

Hapa ndipo msomaji aliye mfanyakazi atakapotega sikio. Mhafidhina hakatai kwamba mfanyakazi ana haki. Asemalo ni kwamba chama chenye uwezo wa kusimamisha treni zote au kuzima umeme wa nchi nzima kinawashika mateka wafanyakazi wengine, na kwamba mtu asilazimishwe kujiunga na chama ili apate kazi.

Mwezi Agosti 1981 waongozaji wa ndege wa Marekani waligoma kinyume cha sheria iliyowahusu watumishi wa serikali kuu. Reagan aliwapa saa 48 kurudi kazini, kisha akawafukuza zaidi ya 11,000. Katika Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma kuanzia Machi 1984 hadi Machi 1985 kupinga kufungwa kwa migodi. Serikali ya Margaret Thatcher haikulegea, na wachimbaji walirudi kazini bila kupata walichokidai. Kwa wahafidhina huo ulikuwa ushindi wa utawala wa sheria. Kwa vijiji vya wachimbaji ulikuwa msiba, kwa maana mgodi ulipofungwa palifungwa pia duka, baa na mustakabali wa vijana.

Kuhusu kima cha chini cha mshahara, hoja ya wahafidhina ni kwamba ukikipandisha mno, mwenye duka dogo atapunguza watu, na wa kwanza kuachishwa ni kijana asiye na ujuzi. Huko Marekani kima cha serikali kuu kiliwekwa dola 7.25 kwa saa mwaka 2009, na hadi mwaka 2025 hakikuwa kimepandishwa. Lakini katika Uingereza Chama cha Conservative, ambacho kiliipinga sheria ya kima cha chini ya mwaka 1998, baadaye kiliikubali, na mwaka 2016 serikali yake yenyewe ikakipandisha kwa wafanyakazi wenye miaka 25 na zaidi. Mhafidhina akizoea jambo, naye huanza kulihifadhi.

NYUMBA, MATIBABU NA MSAADA KWA MASKINI

Wahafidhina huamini kwamba mtu mwenye mali yake, hata ikiwa vyumba viwili, huwa raia mwangalifu. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 1980 ya serikali ya Thatcher iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa bei nafuu. Zaidi ya nyumba milioni moja ziliuzwa katika miaka iliyofuata. Familia nyingi za wafanyakazi zilipata hati ya nyumba kwa mara ya kwanza katika ukoo wao. Upande wa pili ni kwamba nyumba zilizouzwa hazikujengewa badala yake kwa idadi ya kutosha, na watoto wa wapangaji wale wengi wao walikuja kutaabika kutafuta chumba cha kupanga.

Katika msaada kwa maskini, mhafidhina huogopa kwamba ruzuku isiyo na mwisho humfundisha mtu kukaa. Mwaka 1996 Bunge la Marekani, likiwa mikononi mwa Republican, lilipitisha sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton wa chama cha Democratic. Sheria hiyo iliutaka wingi wa wapokea msaada wafanye kazi, na ikaweka kikomo cha miaka mitano ya fedha za serikali kuu katika maisha ya mtu. Waliounga mkono walisema kazi ni heshima. Waliopinga waliuliza: mama mwenye watoto watatu, anayelipwa ujira usiotosha nauli na ulezi wa mtoto, ataishika heshima hiyo kwa mkono upi?

Katika matibabu nchi hizi mbili zinaachana. Wahafidhina wa Marekani walio wengi waliipinga sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010. Wenzao wa Uingereza walipiga kura bungeni dhidi ya muswada ulioleta huduma ya afya ya taifa, iliyoanza mwaka 1948; lakini hakuna serikali ya Conservative iliyothubutu kuifuta baada ya hapo. Kwa Mwingereza, huduma hiyo imekwisha kuwa sehemu ya mkeka wa nyumbani.

WATOTO NA SHULE

Mhafidhina hushikilia kwamba mtoto ni wa wazazi kabla hajawa wa wizara. Mwaka 1955 Friedman alipendekeza kwamba serikali imlipie mzazi karo kwa hati maalumu, kisha mzazi achague shule aitakayo, iwe ya serikali au ya binafsi. Mji wa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, ulianza mpango wa namna hiyo mwaka 1990 kwa familia za kipato cha chini, na majimbo mengine yamefuata. Watetezi husema shule zikishindania wanafunzi zitajitahidi. Wapinzani hujibu kwamba mzazi mwenye habari na nauli atamhamisha mwanawe, na shule iliyoachwa itabaki na watoto wa wasio na vyote viwili.

NDOA NA UZAZI

Katika masuala ya ndoa na uzazi wahafidhina wa Marekani hupata nguvu nyingi kutoka makanisani, kwa Waprotestanti wa kiinjili na Wakatoliki. Kwao ndoa ni ya mume na mke, na uhai wa mtoto aliye tumboni unastahili ulinzi wa sheria. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Katiba inalinda haki ya mwanamke kutoa mimba. Wahafidhina waliipinga hukumu hiyo kwa karibu miaka 50, wakisaidia kuchagua marais ambao nao waliteua majaji, hadi mahakama hiyo hiyo ilipoifuta mwezi Juni 2022 na kuyaachia majimbo yaamue. Wanaoipinga hukumu hiyo ya pili husema kwamba mwili wa mwanamke umekabidhiwa wanasiasa, na kwamba maskini asiye na nauli ya kwenda jimbo jingine ndiye anayeumia zaidi.

Hata katika ndoa wahafidhina hawasemi kwa sauti moja. Sheria iliyoruhusu ndoa za jinsia moja katika England na Wales ilipitishwa mwaka 2013 chini ya David Cameron, Waziri Mkuu wa Conservative, ingawa wabunge wa chama chake walioipinga walikuwa wengi kuliko walioiunga mkono.

BUNDUKI, WAGENI NA BIASHARA

Suala la bunduki huonyesha jambo ambalo wengi hawalijui: kila mhafidhina huhifadhi cha kwao. Marekani ina kifungu cha Katiba cha mwaka 1791 juu ya haki ya kuwa na silaha, na mwaka 2008 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi. Kwa hiyo mhafidhina wa huko huitetea kama urithi wa mababu. Lakini katika Uingereza, baada ya mtu mmoja kuwaua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane mwaka 1996, ni serikali ya Conservative ya John Major iliyoanza kupiga marufuku bastola nyingi mwaka 1997.

Juu ya wahamiaji, hoja yao ni kwamba taifa ni kama nyumba: mwenye nyumba ana haki ya kujua nani anaingia, na mgeni huchukua muda kuzoea desturi za wenyeji. Hata hivyo ni Reagan aliyeitia saini sheria ya mwaka 1986 iliyowapa hati halali watu wapatao milioni 2.7 waliokuwa wakiishi Marekani bila vibali. Miaka 31 baadaye Rais Donald Trump, wa chama hicho hicho, alitaka bahati nasibu ya viza ifutwe, ile iliyowekwa na sheria ya mwaka 1990 na ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiijaza kila mwaka. Alitaka wageni wachaguliwe kwa ujuzi wao.

Biashara nayo ni vivyo hivyo. Wahafidhina wa wakati wa Reagan na Thatcher walihubiri soko huria. Trump, kwa kutaka kuvilinda viwanda vya nyumbani, aliweka ushuru wa asilimia 25 juu ya chuma cha pua na feleji mwaka 2018, na Aprili 2025 akatangaza ushuru wa angalau asilimia 10 juu ya bidhaa za karibu kila nchi.

YANATUFIKIAJE SISI?

Msomaji anaweza kuuliza: haya ya London na Washington yananihusu nini mimi ninayehangaika na kodi ya chumba Buguruni au Eastleigh? Yanakuhusu kwa njia zisizopungua tatu.

Ya kwanza ni uchumi. Katika miaka ya 1980, Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, ambamo sauti ya Marekani na Uingereza ilikuwa kubwa, yalizitaka nchi zilizokopa zipunguze ruzuku, zishushe thamani ya fedha zao na kuyauza mashirika ya umma. Tanzania ilifikia mapatano na Shirika la Fedha mwaka 1986. Maneno kama ubinafsishaji na uchangiaji wa gharama yaliingia katika mazungumzo ya nyumbani baada ya hapo, na wapo walioachishwa kazi ambao hawatayasahau; kama vile wapo wanaokumbuka jinsi sabuni na sukari zilivyorudi madukani.

Ya pili ni zahanati. Mwaka 1984 serikali ya Reagan iliamua kutoyasaidia mashirika ya nje yanayotoa huduma au ushauri wa kutoa mimba. Tangu hapo kila rais wa Democratic ameifuta amri hiyo, mwaka 1993, 2009 na 2021, na kila rais wa Republican ameirudisha, mwaka 2001, 2017 na 2025. Mama anayekwenda kutafuta dawa ya kupanga uzazi katika zahanati inayotegemea msaada wa nje anaweza kukuta mlango wazi mwaka huu na umefungwa mwaka ujao, kwa sababu ya kura ambayo hakuipiga.

Ya tatu ni UKIMWI. Mwaka 2003 Rais George W. Bush, mhafidhina na mcha Mungu, alianzisha mpango mkubwa wa kugharimia dawa na kinga. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusaidiwa, na watu wengi walio hai leo wanadaiwa uhai wao na dawa hizo. Mwaka 2025 serikali nyingine ya Republican ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo Shirika la Misaada la Marekani, USAID, lilikoma kuendesha misaada hiyo. Wa kwanza alisema dini yake inamtaka amsaidie jirani aliye mbali. Wa pili alisema fedha ya mlipa kodi wa Marekani ni ya Marekani kwanza. Wote wawili waliungwa mkono na watu wajiitao wahafidhina.

TUPIME VIPI?

Hapo ndipo lilipo somo letu. Jina la mhafidhina hukuonyesha mahali mtu anapoanzia kufikiri, lakini halikuambii atakapofikia. Aliyelikataa jambo kwa sababu ya jina tu, na aliyelikubali kwa sababu ya jina tu, wote wawili wameacha kufikiri.

Tena, ndugu msomaji, jichunguze mwenyewe kwa uaminifu. Wengi wetu tulio mijini tukiulizwa juu ya malezi, mahari, heshima kwa wazee na nafasi ya dini, tutajibu kama wahafidhina. Tukiulizwa juu ya bei ya unga, karo ya shule na dawa hospitalini, tutataka serikali iingie kati upesi. Hakuna aibu katika hilo. Familia inayajua mambo ambayo ofisi haiyajui, na ofisi inaweza kubeba mizigo ambayo familia moja haiwezi.

Basi utakaposikia tena kwamba wahafidhina wamependekeza hili au wamepinga lile, uliza maswali matatu. Ni nini hasa kinachohifadhiwa: desturi yenye manufaa, au nafasi ya watu wachache? Mzigo unaoondolewa serikalini unamwangukia nani: mwenye mabega, au mama wa nyumbani? Na lile jipya linalopingwa limekwisha kujaribiwa wapi, na lilileta nini? Maswali hayo hayo waulizwe pia wapenda mageuzi, maana haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga walituachia methali zote mbili ili tujue wakati wa kuitumia kila moja.